Jinsi ya kumtambua fereti wa miguu myeusi, kuanzia jina lake la kisayansi mpaka macho yake usiku

Habari zenu wadau. Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp mtu kaweka picha ya kamnyama karefu, kembamba, kana barakoa nyeusi usoni, akauliza huyu si ndo yule kicheche wa Marekani waliyesema ametoweka? Ndani ya dakika kumi majibu yakamwagika, huyu anasema kicheche, yule nguchiro, mwingine mink, na kila mtu ana uhakika wake. Mimi naishi Colorado, pembeni ya Denver, na mwaka wangu wa kwanza huku niliwahi kuwaambia watu kwa kujiamini kabisa kwamba picha kama hiyo ni ya mnyama wa porini, kumbe alikuwa fereti wa kufugwa aliyetoroka kwa mtu. Picha ikasambaa na maneno yangu juu yake na sikuweza kuirudisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma, nauliza, naenda kuwaangalia, na hiki ninachoandika hapa ndo utaratibu ninaoufuata mwenyewe kila nikiona picha au mnyama.

Mnyama wenyewe anaitwa fereti wa miguu myeusi, jina la kisayansi Mustela nigripes. Ndo fereti pekee wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Ni wachache sana porini, mia chache tu, kwahiyo kumtambua vizuri au vibaya kuna uzito wake, na huko mbele ntawaeleza kwamba yupo hai mpaka leo kwa sababu kuna mtu mmoja aliyejua kutofautisha mzoga.

HATUA YA 1: Yaweke pembeni majina ya nyumbani

Hapa ndo wengi wetu tunateleza. Ukikulia Dodoma au Singida au Machakos, kicheche unamjua, ni yule mweusi mwenye mistari meupe mgongoni, mkia wa manyoya mengi, ukimkera anaachia harufu ambayo mbwa wako hatoisahau wiki nzima. Huyo ni Ictonyx striatus. Ni ndugu wa fereti kweli, wako familia moja, ila ni jenasi nyingine kabisa na anaishi Afrika, hayupo Marekani hata mmoja porini. Kwahiyo ukimwita fereti wa miguu myeusi kicheche kwenye maongezi ya kawaida hakuna atakayekufunga, ila ukiandika kumbukumbu ya kumwona usiandike kicheche peke yake, msomaji hatojua unamaanisha yupi.

Nguchiro nae mtoe kabisa. Najua wanafanana kwa mbali, mwili mrefu, miguu mifupi, mbio za chini chini, lakini nguchiro ni familia ya Herpestidae, na ukipanda juu kidogo kwenye ukoo utakuta yuko upande wa paka na fisi, wakati fereti yuko upande wa mbwa, dubu na sili. Yaani wale wawili walishaachana zamani sana, umbo tu ndo limefanana kwa sababu wote wanawinda wakijipenyeza kwenye mashimo na vichaka.

Halafu kuna skanki wa Marekani, mweusi mwenye mistari meupe na harufu, ambaye ukimwona unasema huyu hapa kicheche wetu. Kwa miaka mingi hata wanasayansi walimweka familia moja na vicheche na fereti, mpaka miaka ya 1990 vipimo vya DNA vikaonyesha anastahili familia yake mwenyewe, Mephitidae. Nimeitaja hii mapema ili ujue kitu kimoja kitakachokusaidia mwongozo mzima, rangi inadanganya, hata wataalamu imewadanganya.

HATUA YA 2: Panda ngazi yake ya uainishaji, usiruke

Wale tuliosoma baiolojia sekondari tunaikumbuka ile ngazi, himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Kwa huyu inakwenda hivi: himaya Animalia, faila Chordata, ngeli Mammalia, oda Carnivora, familia Mustelidae, jenasi Mustela, spishi Mustela nigripes. Usiikariri tu, itumie, kwa maana kila ngazi ina alama ambayo unaweza ukaikagua kwenye mnyama aliyeko mbele yako.

Mammalia ni rahisi, ana manyoya, ananyonyesha. Carnivora maana yake ukimfungua mdomo utakuta meno ya pembeni yaliyokaa kama mkasi ya kukata nyama, na chonge ndefu. Ngazi ya familia ndo tamu. Mustelidae wana spishi zipatazo 60 hivi duniani, na ndani humo yumo nyegere wetu Mellivora capensis, wamo fisi maji wetu, yumo kicheche, yumo baja wa Marekani (badger, mchimbaji mnene wa ardhini). Alama zao za pamoja ni vidole vitano kila mguu, mbele na nyuma, masikio madogo ya mviringo, na tezi za harufu karibu na mkundu. Hiyo ya vidole vitano iweke kichwani, maana mbwa na paka nyayo zao zinaonyesha vidole vinne, kwahiyo ukipata unyayo msafi kwenye tope au theluji umeshawapunguza wengi.

Ukifika jenasi Mustela umebaki na wale wembamba wenyewe. Humu wapo wadogo kabisa wa nchi za baridi, na lipo tawi dogo linaloitwa Putorius ambalo ndo tawi la mafereti. Wa msingi humo ni Mustela putorius wa Ulaya, Mustela eversmanii wa nyika za Asia na Ulaya ya mashariki, na huyu wetu Mustela nigripes wa Amerika. Fereti wa kufugwa ametokana na yule wa Ulaya, watu walimfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita wakimtumia kuwatoa sungura mashimoni, na utakuta wengine wanamwandika Mustela furo na wengine Mustela putorius furo, usihangaike sana na hilo, ni mnyama yuleyule wa kwenye kreti.

Meno pia ni kipimo kama una fuvu mkononi. Mustela wana meno 34. Kila upande wa taya ya juu kuna kato 3, chonge 1, magego ya mbele 3 na gego la nyuma 1, na taya ya chini ni hivyohivyo ila magego ya nyuma ni 2. Ukihesabu ukapata 42 una fuvu la jamaa za mbwa, pengine mbweha mdogo, sio fereti.

HATUA YA 3: Lisome jina lake lote, pamoja na mabano

Ukikuta limeandikwa kamili linakuwa Mustela nigripes (Audubon & Bachman, 1851). Nigripes ni Kilatini, nyeusi na mguu, yaani mwenye miguu myeusi. Majina yanayofuata ni ya waliomwelezea kisayansi mara ya kwanza na mwaka waliochapisha. Na yale mabano yana kazi, wengi wanadhani ni pambo. Mabano yanakuambia kwamba walipompa jina walimweka jenasi nyingine, na baadaye akahamishwa. Walimwita Putorius nigripes. Kama wangekuwa wamemweka Mustela toka mwanzo mabano yasingekuwepo, ndo maana Mustela putorius ya Linnaeus, yule mtaalamu aliyeanzisha utaratibu huu wa majina, ya mwaka 1758 inaandikwa bila mabano. Ukishajua hili utaweza kusoma jina la mnyama yeyote na ukajua kama aliwahi kuhamishwa.

Kuna kisa hapa kizuri. Audubon na Bachman, wataalamu wa wanyama wa Marekani, hawakumwona hai. Walipata ngozi moja kupitia Alexander Culbertson, mfanyabiashara wa ngozi, kutoka maeneo ya Fort Laramie, Wyoming ya leo. Ngozi moja tu. Halafu miaka ikapita zaidi ya ishirini hakuna mtaalamu aliyepata mwingine, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba huenda mnyama huyo hayupo, na miaka ya 1870 mtaalamu wa wanyama Elliott Coues ikabidi atoe tangazo kuomba watu wa magharibi wamtumie vielelezo, ndo vikaanza kuja. Mnyama alikuwepo siku zote, ila anatoka usiku na mchana yuko chini ya ardhi.

Kingine, ukisoma vitabu vya zamani utakuta mink wa Marekani na wizeli mwenye mkia mrefu (jamaa wawili wembamba wa fereti, ntawaeleza hatua ya 6) wako jenasi Mustela. Siku hizi wamehamishiwa jenasi Neogale, badiliko la 2021, kwahiyo ni Neogale vison na Neogale frenata. Ukikuta jina la zamani usiseme kitabu ni kibovu, angalia mwaka wake kwanza.

HATUA YA 4: Kabla ya kuangalia mnyama, uliza picha imepigwa wapi

Hii hatua ndo inayomaliza kazi nusu na watu hawaifanyi kabisa. Fereti wa miguu myeusi hawezi kuishi bila preri dogi. Preri dogi ni jamaa ya kindi, mnono, anachimba miji mizima chini ya ardhi kwenye mbuga za nyasi za Amerika, jenasi yake ni Cynomys. Asilimia kama 90 ya chakula cha fereti huyu ni preri dogi, na nyumba anayolala ni shimo la preri dogi, na watoto anawazalia kwenye shimo la preri dogi. Fereti mmoja anaweza kula zaidi ya 100 kwa mwaka. Na usifikiri ni windo dogo, preri dogi ana uzito kama wa fereti mwenyewe au zaidi, ndo maana fereti anamvamia usiku akiwa amelala.

Sasa wakulima na serikali walipowaua preri dogi kwa sumu karne iliyopita, na mbuga zikalimwa, halafu ugonjwa wa tauni ukaingia, fereti akaisha pamoja nao. Waliobaki Mellette County huko South Dakota walipotea, na wa mwisho aliyekuwa ametunzwa alikufa 1979, watu wakajua basi tena. Halafu tarehe 26 Septemba 1981 karibu na mji mdogo wa Meeteetse, Wyoming, mbwa wa ranchi moja aliyeitwa Shep alirudi na mzoga wa mnyama asiyejulikana. Mzoga ukapelekwa kwa fundi wa kukausha wanyama ili awekwe kama pambo la nyumbani, na yule fundi akamwangalia akatambua ni nani, akatoa taarifa. Ndo hapo lilipogunduliwa kundi la mwisho porini. Kila nikisikia mtu anasema kutambua spishi ni mambo ya wasomi wanaojisumbua, namkumbuka yule fundi, angesema tu "ni wizeli huyu" na kumjaza pamba, leo tusingekuwa naye.

Kundi lile nalo likapigwa na magonjwa, wakaamua kuwakamata wote. Wa mwisho alikamatwa mapema 1987, wakabaki 18 tu, na kati yao ni 7 ndo damu yao ilipita kwa wote waliozaliwa baadaye. Kuanzia 1991 huko Shirley Basin, Wyoming, wakaanza kurudishwa porini, na mpaka sasa wamewahi kuachiliwa majimbo manane ya Marekani, Wyoming, South Dakota, Montana, Arizona, Utah, Colorado, Kansas na New Mexico, pamoja na Janos upande wa Mexico na Saskatchewan upande wa Kanada. Sio kote walikobaki.

Kwahiyo kivitendo inakuwa hivi. Picha imepigwa Ohio, Florida, Uingereza, Nairobi? Sio yeye. Imepigwa Colorado ila kwenye bustani ya nyumba, hakuna mji wa preri dogi karibu? Karibu hakika ni wa kufugwa. Imepigwa kwenye mji mkubwa wa preri dogi, eneo linalojulikana kuwa na fereti walioachiliwa, mfano Conata Basin ya South Dakota? Hapo sasa endelea hatua ya tano.

HATUA YA 5: Muangalie kuanzia mkiani

Kila mtu anaanza usoni kwa sababu ya barakoa. Mimi nawaomba muanzie mkiani, kisha tumbo, kisha miguu, uso uwe wa mwisho. Barakoa wanayo wengi.

Mkia wa fereti wa miguu myeusi ni mweusi kwenye ncha tu, kama robo au theluthi ya mwisho hivi, sehemu nyingine ina rangi ileile ya mwili. Mwili una rangi ya manjano iliyopauka, karibu na rangi ya nyasi kavu, mgongoni katikati kuna eneo la kahawia kama tandiko la punda. Tumbo ni jeupe au krimu. Miguu yote minne ni myeusi kuanzia chini, ukimwona kwenye mwanga mzuri anaonekana kama amevaa soksi. Uso ni mweupe kwenye paji na mdomoni, barakoa nyeusi inakatiza machoni, na pua nyeusi. Manyoya mafupi, yamelala vizuri.

Urefu wake kuanzia pua mpaka ncha ya mkia ni sm 46 hadi 61, uzito kati ya gramu 700 na kilo 1.1, dume ni mkubwa kidogo kuliko jike. Kwa lugha ya nyumbani ana uzito wa kuku wa kienyeji mdogo, ila amevutwa akawa mrefu.

Kwenye picha moja huwezi kupata vyote hivyo, na hapo inabidi uwe mkweli. Kama mkia umefichwa na nyasi na tumbo halionekani, andika "fereti, haijathibitika" basi, hakuna aibu yoyote. Omba picha nyingine kwanza.

HATUA YA 6: Wapitie wanaofanana nae mmoja mmoja

Wa kwanza na wa hatari kuliko wote ni fereti wa kufugwa. Ndo aliyenikosesha mimi. Ana barakoa, ana miguu myeusi, ana mwili mrefu. Ila mkia wake kwa wale wa rangi ya kawaida ni mweusi wote, toka unapoanzia mpaka ncha. Nywele zake za juu ni ndefu na nyeusi zikiwa zimelala juu ya manyoya ya krimu ya ndani, kwahiyo kwa ujumla anaonekana mweusi mweusi mwenye vumbi, hana ile rangi safi ya nyasi kavu. Tumbo na kifua mara nyingi vina giza, na pua inaweza kuwa ya pinki au yenye madoa. Wengine wa kufugwa ni weupe kabisa wenye macho mekundu, hao hata hawasumbui. Halafu tabia, wa kufugwa atakuja kwako mchana kweupe akitafuta chakula, na ukimwona hivyo muonee huruma, porini hatokaa siku nyingi, mpigie simu mtu wa uokoaji wa wanyama.

Wa pili ni wizeli mwenye mkia mrefu, Neogale frenata. Huyu ni mtego kwa sababu nae ana ncha nyeusi mkiani, na kule kusini, Texas na New Mexico, wapo wenye alama nyeusi na nyeupe usoni zinazofanana na barakoa. Mtu akiona ncha nyeusi na barakoa anamaliza, anaandika nigripes. Ngoja kwanza. Wizeli ni mdogo, wengi hawafiki hata nusu kilo, mgongo wake ni kahawia iliyokolea, tumbo ni la manjano kama siagi, miguu haina soksi nyeusi, na mkia ni mrefu kweli, unakaribia nusu ya urefu wa kichwa na mwili. Wa kaskazini anaweza kugeuka mweupe wakati wa baridi. Fereti wa miguu myeusi habadiliki kuwa mweupe msimu wowote ule.

Mink ni rahisi, kahawia nzito mwili mzima, kidoa cheupe kidevuni, na utamkuta karibu na maji, mito na madimbwi. Fereti wetu ni wa mbuga kavu.

Anayefanana kuliko wote kimaumbile ni yule wa nyika za Asia, Mustela eversmanii. Ukiwaweka pamoja kwenye meza mtu asiyezoea anaweza asiwatofautishe, na uhusiano wao ni wa karibu kweli, inaaminika mababu wa fereti wa Amerika walivuka kutoka Asia enzi zile palipokuwa na nchi kavu kati ya Siberia na Alaska. Ila kwa bahati nzuri hapa hatua ya nne inakuokoa, mmoja yuko Mongolia na Kazakhstan huko, mwingine yuko Wyoming, hawakutani.

HATUA YA 7: Usiku, angalia macho, kisha ardhi

Ukitaka kumwona porini jua kwamba anatoka usiku. Wahesabuji wanafanya kazi hiyo zaidi kuanzia Julai mpaka Oktoba, kwa sababu watoto waliozaliwa Mei na Juni wanakuwa wameshaanza kutoka nje ya shimo. Wanaendesha gari taratibu kwenye mji wa preri dogi usiku kucha wakimulika na taa kubwa, na wanachotafuta ni mng'ao wa macho wa kijani ya zumaridi. Walioona wanasema ni kijani ambayo ukishaiona mara moja hutoichanganya tena, ila mimi nakushauri usiridhike na mng'ao peke yake, sungura wanang'aa, mbweha wanang'aa, baja nae anang'aa. Subiri. Fereti ni mdadisi, akishaingia shimoni baada ya muda mfupi anachungulia tena kukuangalia wewe, na hapo ndo unaona uso.

Kazi hiyo ya kumulika lazima uwe na kibali na uwe na watu wa wanyamapori. Mnyama huyu analindwa na sheria toka 1967, na sheria kubwa ya spishi zilizo hatarini ya 1973 inakataza kumsumbua. Pia mbuga nyingi ni ranchi za watu, ukiingia usiku na tochi bila ruhusa unajitafutia balaa.

Kama huna kibali, fanya ninavyofanya. Karibu na Denver kuna hifadhi ya Rocky Mountain Arsenal, zamani palikuwa kiwanda cha silaha za kemikali za jeshi, leo pana nyati wa Marekani na miji ya preri dogi, na fereti waliachiliwa pale 2015. Kwenye kituo cha wageni wamekuwa wakionyesha fereti wa miguu myeusi hai kwenye banda lao. Mimi nilikaa pale na daftari, nikachora mkia tu, mara nyingi, mpaka mkono ukazoea, na toka hapo picha haijanichanganya tena kirahisi.

Alama za ardhini nazo zinasaidia, hasa theluji ikianguka. Fereti anaruka kwa mapigo, nyayo zinaenda mbili mbili zikielekea shimo moja hadi jingine, kama mtu anayegonga hodi kila mlango. Na kuna alama moja ambayo ni yake hasa, preri dogi wakijua yumo shimoni wanaziba mlango kwa udongo, au yeye anakuta shimo limezibwa, basi anafukua akirudi kinyumenyume na udongo umekumbatiwa kifuani, anauburuta, kwahiyo nje ya shimo unabaki mstari mrefu wa udongo wenye kamfereji katikati. Baja hafanyi hivyo. Baja anapanua shimo lote na kurusha udongo ovyo, utadhani trekta limepita.

Na tafadhali sana, mzoga wa preri dogi usiushike. Tauni hapa ipo mpaka leo, bakteria ni Yersinia pestis uleule uliowahi kusumbua watu wetu Lushoto, na viroboto wanautoa kwa preri dogi na kuuleta kwa fereti, kwa mbwa wako na kwako. Mwaka 2008 uliingia Conata Basin ukaua preri dogi na fereti wengi mno. Ndo maana wanasayansi wanawachanja fereti na kupulizia dawa ya viroboto kwenye mashimo. Ukiona mji wa preri dogi umenyamaza ghafla, hakuna mlio hata mmoja, rudi nyuma na utoe taarifa.

HATUA YA 8: Ushahidi usio na ubishi

Wengi wa fereti hawa wana maikrochipu chini ya ngozi. Watafiti wanaweka kifaa cha duara kwenye mdomo wa shimo, fereti akipita kinasoma namba yake, na hapo wanajua ni nani, alizaliwa wapi, mama yake ni nani. Akiwa hana chipu na yuko kwenye eneo lao, basi huenda amezaliwa palepale porini, na hiyo ni habari ya furaha kubwa.

Kwenye maabara kuna kromosomu. Fereti wa miguu myeusi ana 38, sawa na yule wa nyika za Asia, wakati wa kufugwa na wa Ulaya wana 40. Kwa sisi wa picha haitusaidii, lakini ukibishana na mtu anayesema "wote ni fereti tu" mpe hiyo.

DNA nayo imefanya kitu ambacho bado kinanishangaza. Jike mmoja aliyeitwa Willa alikufa miaka ya 1980 bila kuacha uzao wowote ulio hai, ila seli zake ziligandishwa 1988 na kutunzwa San Diego. Tarehe 10 Desemba 2020 akazaliwa Elizabeth Ann, kloni yake (yaani nakala yake iliyotengenezwa kwa seli zile), na mama aliyembeba alikuwa fereti wa kufugwa. Baadaye kloni mwingine kutoka kwa Willa huyohuyo, Antonia, akazaa watoto mwaka 2024 huko Virginia. Maana yake ile damu ya wale 7 inaweza kuongezewa ya nane. Spishi mbili, mmoja akabeba mimba ya mwenzake, na bado kwenye uainishaji ni wawili tofauti, usije ukawaandika kitu kimoja.

HATUA YA 9: Andika, na ujue cha kuficha

Ukiona kitu andika palepale kabla kumbukumbu haijaanza kupamba. Tarehe, saa, eneo, kuna mji wa preri dogi au hakuna, mkia, tumbo, miguu, uso, ukubwa ukilinganisha na kitu kilichokuwa karibu, na muhimu kuliko vyote andika ulichoshindwa kuona. Ukidhani ni yeye, peleka taarifa ofisi ya wanyamapori ya jimbo, usipost alama kamili za mahali hadharani. Programu za kurekodi wanyama na mimea kama iNaturalist zenyewe zinaficha eneo halisi la spishi zilizo hatarini, ila picha uliyotuma WhatsApp haifichi chochote.

Mfano wa nilichoandika mimi mwezi Oktoba uliopita, mashariki ya Denver: "Saa 12:40 asubuhi, kando ya barabara ya vumbi, kilomita kadhaa toka mji wa preri dogi. Mrefu, mwembamba, ncha ya mkia nyeusi. Mgongo kahawia nzito, tumbo la manjano, mkia karibu nusu ya mwili. Miguu haina soksi. Uso sikuuona, aliingia kwenye kalvati. Mustela nigripes hapana. Neogale frenata, karibu hakika. Picha mbili, zote za mgongo."